Mmoja Anaogopa Kikao, Mwingine Karandinga: Urafiki wa Mtandaoni kati ya Vyama Huku Kusini

Saa moja jioni ya siku ya mnada wa korosho ni wakati mzuri wa kutazama siasa za Mtwara na Lindi zikifanya kazi ndani ya simu. Wakulima wameshanyoosha mikono kukubali bei, na picha za bei zimeanza kupita kwenye magrupu ya WhatsApp ya Tandahimba, Newala, Ruangwa na Liwale. Kada wa CCM anatupia bei ya juu, na alama za kijani pembeni. Mpinzani anajibu kwa kiasi kitakachobaki baada ya makato. Haijafika saa tatu usiku mmoja ameshaitwa chawa, mwingine nyumbu, mtu wa tatu ameandika kwamba msema kweli ni mpenzi wa Mungu kisha akatukana, na admini amefunga grupu kwa herufi kubwa: SIASA HAPANA.

Wote wawili walikuwa na haki. Tuchukue mfano wa kubuni. Mnada umefungwa kwa bei ya juu ya shilingi 3,600 kwa kilo na bei ya chini ya 3,350. Makato ya AMCOS (chama cha msingi cha ushirika), chama kikuu cha ushirika, ghala, usafiri na mengineyo tuseme yamefika shilingi 250. Mkulima ambaye mzigo wa ghala lake umeangukia bei ya chini atabaki na 3,100. Kati ya tangazo la kada na hesabu ya mpinzani kuna shilingi 500 kwa kila kilo, na kwa mwenye kilo 800 hiyo ni laki nne kamili. Laki nne ni bati, ni ada. Hakuna muongo hapo. Kuna watu wawili wanaosoma mistari tofauti ya karatasi moja, mbele ya watu mia tatu wanaosubiri kuona nani atanyamaza.

Watu hawa wawili wangeweza kuwa marafiki, na mikoa hii imejaa watu wa namna yao. Tofauti ya chama siyo inayowazuia. Wanazuiwa kwanza na hadhira, na pili na jambo ambalo halisemwi sana: hatari wanayoibeba hailingani. Anayetaka urafiki wa kuvuka vyama mtandaoni na asianze na haya mawili atapata mtu wa kubishana naye tu, na hao hawana uhaba.

Tuanze na hadhira. Grupu moja la WhatsApp linaweza kubeba watu 1,024. Hata lenye watu 150, ndani yake yumo katibu wa tawi, yumo mwenyekiti wa kijiji, yumo mtu anayetaka udiwani, yumo shemeji. Kada anayeandika pale haandiki kwa ajili ya mpinzani wake. Anaandika ili katibu amwone. Mpinzani naye anaandika ili wenzake wasiseme amenunuliwa. Kumwomba mtu akubali kosa mbele ya kusanyiko hilo ni kumwomba avue nguo sokoni. Ndiyo maana mabishano ya grupu hayaishi kwa mtu kubadili mawazo, yanaisha kwa mtu kulefti.

Sheria ya "siasa hapana" haisaidii, na huku Kusini haiwezekani kabisa. Bei ya korosho ni siasa. Salfa, dawa ya kupulizia mikorosho, ikichelewa ni siasa. Uchaguzi wa bodi ya AMCOS, barabara ya Somanga ilipokatika kwa mvua za kimbunga Hidaya Mei 2024, meli ya korosho kupakiwa bandari ya Mtwara au Dar es Salaam, vyote ni siasa. Kinachotokea ni kwamba tangazo la mafanikio linapita kama "taarifa", na swali juu ya tangazo hilo linafutwa kama "siasa". Admini anadhani amelinda amani, kumbe amepanga nani aongee.

Basi urafiki uanzie inboksi, lakini usiingie inboksi kwa pupa. Kaa wiki mbili au tatu ukisoma tu. Unayemtafuta siye mwenye makelele wala mpole kuliko wote. Mtafute mtu ambaye angalau mara moja amewasahihisha watu wa upande wake mwenyewe: kada aliyesema "hapana, hilo la salfa ni kweli lilichelewa", au mpinzani aliyesema "hiyo picha ni ya zamani, tuache". Mtu wa hivyo ameshalipa gharama hadharani bila kuombwa. Dalili ya pili ni namna anavyosambaza vitu. Ujumbe uliopita mikono mingi WhatsApp huuwekea mishale miwili, na huwezi kuufowadi isipokuwa kwa grupu moja au mtu mmoja kwa wakati mmoja. Anayejaza grupu kwa mishale miwili kila asubuhi hana mawazo ya kukupa, ana ya kusambaza.

Ujumbe wa kwanza ndio watu wengi wanaouharibu. Wanaandika: "Kaka, naona wewe ni muelewa, si kama wenzako." Anayeandika hivyo anadhani amesifu. Amewatukana ndugu na marafiki wa anayemwandikia, na kumtaka aanze urafiki kwa kuwakana. Ujumbe unaofanya kazi unafanana na huu:

"Habari za jioni kaka. Naitwa fulani, tuko wote grupu la wakulima, mimi niko upande wa Mnacho. Jana uliandika kwamba makato ya ghala lenu yamepanda. Sikutaka kuuliza kule kwa sababu ya kelele. Yaliyopanda ni ya usafiri au ya magunia? Kwetu naona yamebaki yaleyale."

Hauna neno la chama. Unaeleza mwandikaji ni nani, mmekutania wapi, na kwa nini hakuuliza hadharani. Una swali moja tu, linalojibika kwa kitu ambacho mwenzako anakijua kuliko wewe. Na una taarifa ya upande wako, ili asijione anahojiwa. Kwa mtu mzima weka shikamoo, na usubiri marahaba yake kabla ya swali. Kuirusha shikamoo na swali la makato ndani ya mstari mmoja ni kama kubisha hodi ukiwa umeshaketi sebuleni.

Asipojibu, mpe siku tatu. Kuna watu huku wanaingia mtandaoni kila wanapoweka bando, na bando la wiki siyo la kila mtu miezi ya Machi na Aprili, fedha za msimu zikiwa zimekwisha. Tiki mbili za buluu bila jibu nazo si dharau. Huenda amesoma akiwa shambani. Siku ya nne usiulize "mbona kimya?" Acha. Mkikutana tena kwenye jambo la grupu, atajua pa kukupata.

Mwanaume anayemwandikia mwanamke ana kazi ya ziada, na makala nyingi za mambo ya mtandao hulipita hili kama halipo. Ujumbe wa mwanaume asiyejulikana kwenye inboksi ya mwanamke wa Lindi au Masasi unasomwa kwanza kama kutongoza, na simu ya mke hushikwa na mume. Mwanamke aliyewahi kusema jambo la siasa kwenye grupu huenda ameshatumiwa matusi ya faraghani ambayo hakuna aliyeyaona. Kwa hiyo hapa kanuni ya inboksi inageuka. Anza kwa kumjibu vizuri hadharani, mara kadhaa, kwa jina lake la heshima, mchana. Kukiwa na kikundi kidogo cha kazi, cha vikoba au cha wabanguaji, watu kumi na tano au ishirini, urafiki ukulie humo. Usipige simu. Usitume voisi saa nne usiku hata kama ni ya bei ya korosho.

Wiki za mwanzo ni za mambo ambayo nyote mnayashika mkononi. Juni na Julai mikorosho ikitoa maua kuna ugonjwa wa ubwiriunga, na mtu wa CCM na wa ACT-Wazalendo wanapuliza salfa ileile kwa mashine ileile ya kukodi. Oktoba kuna ghala. Kuna hali ya barabara ya Kibiti kuja Lindi, ambayo kila mwenye mtoto Mbagala anaiuliza. Na kuna mpira. Mpira una faida moja kubwa: unakuonyesha jinsi mwenzako anavyopokea kushindwa. Mtu wa Yanga anayeweza kutaniwa na wa Simba Jumapili asubuhi akacheka, akajibu Jumamosi inayofuata, ana misuli inayohitajika. Namungo ya Ruangwa ikifungwa, tazama kama anamlaumu refa peke yake.

Ila utani wa mpira usichukuliwe kuwa ni uleule wa siasa. Hakuna aliyewahi kulala mahabusu kwa kushabikia Simba.

Na hapo ndipo tunapofika kwenye hatari isiyolingana. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 16, inaweka faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili, kwa anayepatikana na hatia ya kuchapisha taarifa ya uongo kwa nia ya kuchafua, kutishia, kutukana au kupotosha umma. Kifungu hakitaji chama. Lakini mpinzani anaposoma maneno "taarifa ya uongo" anajiuliza ni nani atakayekuwa wa kwanza kuiita ya uongo, na kada hajiulizi hivyo. Sentensi moja, mfano "fedha za mradi huu zimeliwa", kwa kada ni umbea na kwa mpinzani ni ushahidi dhidi yake.

Kada naye ana hofu yake, na wapinzani huidharau. Akionekana kwenye skrinishoti anakiri kwamba upande wa pili una hoja, jina lake litajadiliwa kwenye kikao cha kata kabla ya kura za maoni. Kama ni mwalimu au mtendaji, anafikiria uhamisho. Wenzake wanaweza kumwita msaliti, na katika chama kikubwa kuitwa msaliti ni kupoteza miaka kumi ya kujenga jina. Tuseme hivi: mmoja anaogopa kikao, mwingine anaogopa karandinga. Zote ni hofu, lakini mtu anarudi nyumbani kutoka kwenye kikao siku ileile.

Kwa sababu hiyo, ninaamini mwenye hatari ndogo ndiye anayepaswa kuweka amana kwanza. Katika siasa zetu za sasa huyo ni kada. Asianze kwa kuuliza "kwani nyie mnataka nini?" Aanze kwa kusema jambo moja dogo, la kweli, ambalo lingemgharimu kidogo likivuja: kwamba mbegu zililetwa zikiwa zimechelewa, kwamba mkutano wa kijiji haukuitishwa mwaka mzima. Kisha angoje. Likivuja, amejifunza kitu kwa gharama ya aibu ya wiki moja. Lisipovuja, mpinzani ameonyesha kuwa anaweza kushika kitu, na sasa anaweza naye kuweka chake. Mpangilio ukigeuzwa, mpinzani aanze kujifungua na kada awe anapokea tu, huo haufanani na urafiki. Unafanana na mahojiano, na mpinzani mwenye akili ataona hivyo hata kama mwenzake hana nia mbaya.

Skrinishoti, basi, ndiyo kiapo chenyewe. Afadhali izungumzwe wazi mapema, kwa maneno mepesi: "Haya ya huku yabaki huku, na mimi nitafanya hivyo." Mipangilio ya simu inasaidia kiasi, na kila mmoja ajue mipaka yake. WhatsApp ina ujumbe wa kutoweka wenye vipimo vitatu: saa 24, siku 7 na siku 90. Wengi wanachagua saa 24 wakidhani ndiyo salama zaidi. Kwa mtu anayekaa siku mbili bila bando, ujumbe unaweza kutoweka kabla hajaufungua, halafu mwenzake anamuuliza "umeonaje?" na ugomvi unaanzia hapo. Siku 7 zinatosha. Lakini kutoweka hakuzuii kupigwa picha wala kunakiliwa, na ujumbe uliofowadiwa kwenye mazungumzo mengine yasiyo na mpangilio huo unabaki huko.

Kufuta ujumbe kwa wote kunawezekana kwa takriban siku mbili, ila kunaacha alama kwamba ujumbe umefutwa, na alama hiyo kati ya watu wasioaminiana bado huzaa maswali mabaya kuliko ujumbe wenyewe. Kama umekosea, hariri. Una dakika 15 tangu ulipotuma. Zikipita, andika "nimekosea pale juu" na uache kosa lionekane. Mtu akiona umekiri kosa la maandishi anaanza kukuamini kwenye makubwa.

Voisi ni jambo la kuangalia. Watu wa Kusini wanapenda voisi, na sauti inabeba utani ambao maandishi huuua. Lakini sauti haikanushiki. Maandishi mtu anaweza kudai yametungwa. Sauti yake kila mtu wa kijiji anaijua. Voisi zibebe salamu, pole, utani wa mpira. Hoja za siasa ziandikwe, na ziwe fupi. Voisi ya dakika sita juu ya katiba mpya haisikilizwi na mtu yeyote, hata anayekubaliana nayo.

Siasa yenyewe itakuja. Urafiki unaoikwepa miaka yote ni ujirani tu, na ujirani hauhitaji bando. Ikija, kitu cha kwanza cha kuchunga ni viambishi. Kiswahili kina mtego: "wewe unaonaje?" na "nyie mnaonaje?" vinatofautiana kwa herufi chache, lakini la pili limemgeuza rafiki kuwa chama kizima, kuanzia bajeti hadi polisi, kuanzia tamko la jana hadi la mwaka 1992. Ataanza kutetea vitu ambavyo mwenyewe havipendi, kwa sababu umemkabidhi bendera. "Wenzetu" nalo, likitamkwa kwa ile sauti yetu ya kejeli, linafanya kazi ileile. Ukijikuta umeandika "nyie", simama, rudi mwanzo wa sentensi.

Huku tunaitana njomba, na neno hili lina uzito ambao Dar es Salaam hawaujui, wao wakilitumia kuchekea lafudhi. Kwa Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera, ambao jadi yao ni ya ukoo wa mama, mjomba ndiye mwenye kauli juu ya mtoto. Mtu unayemwita njomba kwa dhati huwezi kumwandikia "buku saba", tusi la anayedaiwa kulipwa ili asifie chama, mstari unaofuata. Litumike, ila lisitumike kama chambo.

Kitu cha pili ni ukubwa wa swali. "Gesi imetufaidisha nini?" ni swali ambalo Mtwara limeshatoa machozi na damu. Watu waliandamana Desemba 27, 2012 kupinga gesi kupelekwa Dar es Salaam, vurugu zikafuata Januari na Mei 2013, na bomba lenyewe likazinduliwa Oktoba 2015. Ukilileta swali hilo zima inboksi, kila mmoja atatoa hotuba aliyoikariri miaka yote. Lipunguze: halmashauri yetu ilikusanya kiasi gani cha ushuru wa huduma kutoka kwa kampuni za gesi mwaka wa fedha uliopita, na kilipangiwa nini? Hilo linaweza kutafutwa. Vikao vya baraza la madiwani vinaruhusu wananchi kusikiliza, na ripoti ya CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za Serikali, huwasilishwa bungeni kila Aprili. Gawaneni kazi: mmoja amuulize diwani wake, mwingine asome ukurasa wa halmashauri kwenye ripoti. Mkirudi na tarakimu mbili zisizofanana, mmepata mazungumzo ya mwezi mzima yasiyo na tusi.

Hata majeraha ya karibu yanatibika kwa namna hii. Novemba 2018 Serikali ya Rais Magufuli iliamua kununua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na Jeshi likapelekwa kuzisomba. Kwa mmoja huo ulikuwa ukombozi kutoka kwa wanunuzi waliotaka kuwapa wakulima bei ya kutupa. Kwa mwingine ni msimu wa uhakiki, wa malipo yaliyovuka mwaka, na wa wenye kangomba, walionunua korosho kwa wakulima nje ya mfumo rasmi, waliopoteza kila kitu. Msibishane kama uamuzi ulikuwa mzuri. Ulizaneni: wewe uliingiziwa tarehe ngapi? Zote, au nusu? Kwenu aliyekuwa na kangomba alikuwa nani, tajiri au mama muuza vitumbua aliyekopesha debe moja? Kumbukumbu za benki zina tarehe. Mara nyingi mtagundua kwamba ghala lake lililipwa mapema na lako likachelewa, na kwamba miaka yote mlikuwa mnabishania Magufuli wakati mlikuwa mnabishania foleni.

Yapo yasiyopungua kwa njia hii, na ni kosa kujidanganya. Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilikatwa nchini kwa siku kadhaa, na watu walikufa katika machafuko. Chama kikuu cha upinzani hakikuwa kwenye karatasi ya kura. Huwezi kumpa mtu tarakimu mbili azilinganishe halafu mkanywe chai. Marafiki wengi wa vyama tofauti walinyamaziana mtandao uliporudi, kila mmoja akihesabu kimya cha mwenzake kuwa msimamo.

Katika hali ya namna hiyo ujumbe wa kwanza una mpangilio wake. Nyumbani mko salama? Watoto walio Dar mmewapata? Basi. Usitume video. Usiulize "umeona?" wala "mnasemaje sasa?" Usimtake alaani wala akane chochote kwa maandishi, kwa sababu unamwomba aweke shingo yake kwenye simu yako. Kada asiseme "tulieni, nchi ina amani" kwa mtu ambaye bado hajampata ndugu yake. Mpinzani asimhesabie kada kila risasi. Hoja zina wakati wake, na huenda wakati huo ukawa baada ya miezi. Kama kuna msiba, rambirambi iende kwa simu ya sauti, na mchango utumwe kimya bila kutangazwa kwenye grupu. Wapemba wanajua gharama ya kufanya kinyume: miaka ya 1990 baada ya uchaguzi watu wa CCM na CUF walisusiana maduka, na hata mazishi, na ilichukua muda mrefu kurudi kuzikana.

Mbali na matukio makubwa, urafiki huu hufa kwa sababu ndogo ndogo. Ya kwanza ni kumgeuza rafiki shahidi: "Hata rafiki yangu mmoja wa CCM anakubali." Hujamtaja jina, lakini grupu lina watu mia mbili na wanajua unaongea na nani. Ya pili ni hela. Msimu wa kampeni kada hudhaniwa ana mfuko, na ombi dogo la bando la elfu mbili hubadilisha kila kitu, kwa sababu kuanzia siku hiyo ukikubaliana naye utajiuliza kwa nini, na yeye pia. Mbali na msiba na ugonjwa, fedha zisiguse mazungumzo haya mwaka wa kwanza. Ya tatu ni kumuunga mtu kwenye grupu la chama chako bila kumuuliza. Watu wanalifanya kwa nia njema kabisa, "aje asikie mwenyewe". Jina na namba yake vinaonekana na wote mule dakika ileile. Kila mtu aingie kwenye mipangilio ya faragha ya WhatsApp aruhusu kuungwa na namba alizozihifadhi tu, na amwondoe hapo hata rafiki mwenye mazoea hayo.

Ya nne ni stetasi. Mtu anaongea nawe kwa upole inboksi, kisha stetasi yake ya asubuhi inasema wapinzani wote ni vibaraka. Usimkabili kwa skrinishoti ya stetasi yake mwenyewe. Stetasi ni jukwaa, anaongea na katibu wake. Mwambie tu kwamba umeiona na imekuuma. Akiendelea, mnyamazishe stetasi zake, mazungumzo yaendelee. Lakini akianza kuandika stetasi zinazotumia mambo uliyomwambia wewe, hata bila jina, amevunja kiapo, na hapo hakuna cha kujadili.

Wengi wakishafika miezi sita au saba wanataka kuonana. Ni jambo zuri, na kwa watu wa mikoa hii miwili si safari kubwa. Wa Mtwara na wa Ruangwa wanaweza kugawana njia wakakutana Mnazi Mmoja, pale barabara ya Masasi inapoachana na ya Lindi. Chagueni mahali pasipo na bendera ya tawi lolote, maana vijiwe vyetu vingi vina mwenyewe. Mchana, si usiku. Kila mtu aje na shati la kawaida, hata kama lile la chama ndilo jipya kuliko yote kabatini. Kila mtu alipie chai yake safari ya kwanza. Hilo litamshangaza mhudumu, lakini atazoea. Picha mkipiga, ikae kwenye simu zenu mpaka yule mwenye zaidi ya kupoteza aseme mwenyewe kwamba inaweza kuwekwa stetasi.